Kinanda Kilichoshuka Pamoja na Mzee Harnam

Mkifungua kinanda cha mivukuto, msianze na bisibisi. Anzeni na pua. Kinanda kilichokaa Usangu kinanuka vumbi la mpunga, na ukikipiga kofi kidogo mgongoni kinakohoa pumba. Cha Mbeya mjini kinanuka nguo ambayo haijakauka, maana mvua ya kule ikija haiagi. Cha Iringa kinanuka moshi wa kuni, na kama kilihifadhiwa kanisani, kinanuka mkojo wa panya. Panya wa kanisani hawana adabu kabisa. Wanayaacha mahindi ya mavuno kwenye kona wanakuja kutafuna ngozi ya mivukuto.

Ninaandika haya kwa ajili yenu vijana wa kwaya, na kwa yeyote kati yenu atakayejaribu kuishika kazi yangu. Mimi nimeiacha. Macho yamekataa. Nyumbani kwangu Kihesa bado wanakuja watu na vinanda vyao vya umeme wakidhani fundi ni fundi tu, na mimi nawarudisha kwa upole. Kinanda cha umeme kikifa, kimekufa. Cha mivukuto kina mapafu na kina ndimi, kwa hiyo unaweza kukihoji kikakujibu.

Ndimi ni vipande vyembamba vya shaba, kimoja kwa kila sauti, vimepangwa ndani kwenye ubao. Mkono wa kushoto unasukuma mivukuto, upepo unapita, mkono wa kulia unabonyeza kibao, ulimi wa kibao hicho unatetemeka na kulia. Siri yote ya kazi iko kwenye kitu kisichozidi urefu wa kidole. Ukikwangua ulimi kwenye ncha, sauti inapanda. Ukikwangua kwenye shina, inashuka. Ukitaka kushusha bila kuujeruhi, unaweka tone dogo la risasi ya kulehemu kwenye ncha, unakuwa mzito, unatetemeka polepole. Haya niliyoandika kwa mistari michache mimi yalinichukua miaka minne kuyajua, kwa sababu mwalimu wangu hakuwa mtu wa kueleza. Alikuwa mtu wa kunyang'anya tupa mkononi mwako na kuifanya kazi mwenyewe huku akiguna.

Mwalimu huyo ni Mzee Harnam. Alikuwa Kalasinga, kama tulivyowaita Masingasinga wote hapa kwetu, mwenye kilemba cha buluu na ndevu alizozifunga kwa wavu ili zisiingie kwenye randa. Karakana yake ilikuwa Iringa mjini. Alitengeneza milango, madawati na bodi za malori, na kwenye kona moja alikuwa na benchi la vinanda. Alizaliwa Iringa, na ukiingia karakanani alikusalimu "Kamwene, mnyalukolo!" kabla hujafungua mdomo. Wageni kutoka Dar walidhani anawatania. Hakuwa anatania, ndiyo salamu ya Kihehe aliyoikuta kwao alipozaliwa.

Kila Jumapili aliimba gurudwara, ndiyo nyumba yao ya ibada. Huko sikwenda kwa imani. Mimi ni Mkristo wa Kihesa, sauti ya tatu kwenye kwaya, na nitazikwa hivyo. Nilikwenda kwa sababu kinanda kilikuwa huko na hakikuruhusiwa kutoka hovyo.

Siku ya kwanza nilikosea kabla sijafika mlangoni. Nilivua viatu, nikanawa mikono, nikafunga kitambaa kichwani, nikajiona nimekamilika. Mzee Harnam akaninusa.

"Una ugoro."

"Kidogo tu, Mzee. Uko mfukoni, siuvuti."

"Kikoti, humu ndani tumbaku haiingii. Hata ikiwa imelala."

Nikaenda kuuacha kwa mlinzi wa geti, naye akaumaliza wote. Tangu siku hiyo nilijifunza kujipekua mwenyewe kabla ya kuingia nyumba za ibada za watu, na ninyi fanyeni hivyo. Fundi anayeingia na begi lake bila kuuliza atatengeneza kitu kimoja na kuharibu vitatu.

Ndani nilikuta kitu ambacho mpaka leo nakieleza kwa tahadhari. Mbele, juu ya kitanda kidogo chenye mito na paa la kitambaa, kipo Kitabu. Wao hukiita Granth, lakini wakizungumza nacho humwita Guru, yaani mwalimu aliye hai. Asubuhi hukileta kikiwa kichwani mwa mtu, kimefunikwa hariri, na jioni hukirudisha chumbani kwake kikapumzike. Hakuna anayekaa juu kuliko hicho. Kina kurasa elfu moja mia nne na thelathini, na Mzee Harnam aliniambia kwamba popote duniani ukifungua ukurasa fulani utakuta maneno yaleyale, hakuna nakala inayokwenda kivyake. Lakini lililonishika mimi kama fundi ni hili: karibu chote ni nyimbo, na nyimbo zimepangwa kwa tuni. Sisi vitabu vyetu vya nyimbo tunavipanga kwa Krismasi, Pasaka, mazishi. Wao sehemu nzima ni tuni fulani, kisha sehemu nyingine ni tuni nyingine. Nikajua kinanda kikiwa kibovu humo, si pambo lililoharibika, ni ibada yenyewe.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Jumapili moja nilikuwa nimekaa nyuma nikisubiri ibada iishe nikakaze skrubu. Mzee Harnam akaimba, watu wakaitikia. Wimbo ulikuwa mtamu na mimi mdomo wangu umelelewa na kwaya. Walipoitikia tena, nikaingia na sauti ya tatu. Niliingia kwa kifua, kama tunavyofanya kwetu. Sasa fikirieni: watu arobaini wanaimba sauti moja tu, wote kwa pamoja, halafu kutoka nyuma karibu na viatu inatokea sauti ya Mhehe inayokwenda njia yake. Watoto waligeuka. Bibi mmoja akaangalia dari. Mzee Harnam hakugeuka, ila nilimwona mabega yakitikisika, na sikujua kama ni hasira mpaka tulipotoka nje nikamkuta anajifuta machozi ya kicheko.

"Kikoti, wewe kweli unaweza kuimba," akasema. "Lakini mbele ya mkutano anayeimba ni Singasinga, ndiyo taratibu yetu. Na tunaimba njia moja. Wewe kaa, sikiliza. Kusikiliza pia ni ibada."

Kwa hiyo nilisikiliza. Miaka mingi nilikaa nyuma mdomo umefungwa, nikajua nyimbo ambazo sikuwahi kuziimba. Ndipo akanifundisha jambo ambalo sikulisikia kwa fundi mwingine yeyote. Katika kila wimbo wao kuna mstari wenye alama ya pumziko. Mara nyingi umeandikwa wa pili, lakini mwimbaji anaanza nao, na baada ya kila ubeti anaurudia, kwa sababu moyo wa wimbo umo humo. "Ukitaka kujua mtu anapenda wimbo gani," akaniambia, "angalia vibao. Vya mstari wa pumziko ndivyo vimelika." Akafungua kinanda chake mwenyewe. Kilikuwa kweli. Rangi ya vibao vitano sita ilikuwa imekwisha kabisa, ubao umebaki uchi, na vingine vilikuwa kama vya dukani.

Aliimba wimbo mmoja kuliko nyingine zote, na aliuanzia kwenye kibao kimoja cheusi, cha tatu kutoka katikati. Baba yake alimfundisha kuanzia hapo. Naye akamfundisha binti yake, Mindi, kuanzia hapohapo, mpaka vidole vya mtoto vikawa vinakwenda vyenyewe. Alijivunia kibao kile kuliko karakana yake. "Ukoo wetu unaanzia hapa," alipenda kusema, na kukigonga.

Mindi aliolewa Nairobi. Mzee akauza mashine za karakana, yeye na mke wake wakahamia Mbeya, walikokuwa na ndugu wa biashara ya mbao. Mimi nikabaki Iringa, nikitengeneza vinanda vya makanisa kuanzia Ilula mpaka Idodi, na mara moja kila mwaka, kabla ya sikukuu ya kuzaliwa kwa Guru wao wa kwanza, aliyekuwa binadamu, nilipanda basi kwenda Mbeya kumhudumia kinanda chake.

Mwaka mmoja nilipomaliza kusafisha, akakijaribu. Akabonyeza kibao chake, akaanza. Alipofika pale mstari wa pumziko unapopanda juu, sauti ikakatika. Akakohoa. Akaanza tena. Ikakatika palepale. Akakiangalia kinanda, si mimi.

"Kimepanda hiki, Kikoti. Shaba za siku hizi."

Vijana, shaba haipandi yenyewe. Inachoka, inashuka. Kila fundi anajua, na aliyenifundisha mimi kujua hilo ni yeye. Ningeweza kusema, Mzee, anzia kibao cha chini yake, dunia haitaanguka. Nilimwangalia alivyokishika kibao kile kwa kidole, kama mtu aliyeshika mkono wa mtoto barabarani, nikasema:

"Ndiyo, kimepanda. Nitakishusha."

Nikakaa na chuma cha kulehemu siku nzima, nikaweka tone la risasi kwenye kila ulimi, nikashusha kinanda kizima. Na ngoma mbili zinazopigwa pamoja na kinanda nikazilegeza mimi ili zikubaliane nacho. Jioni akaimba, akafika juu bila shida, akanipiga begani. Mwaka uliofuata kilikuwa "kimepanda" tena. Na uliofuata. Miaka saba nilikishusha, mpaka kikawa chini kwa vibao vitatu vizima, na watu wa Mbeya wakawa wanasema Mzee Harnam hazeeki. Naye aliamini. Alimpigia Mindi simu kumwambia: "Umri wangu huu, bado kibao kilekile!" Nilikuwa nimekaa hapohapo nikila chapati yake. Nilijisikia mwema, na wema wa namna hiyo ndio ninaowaonya nao.

Alifariki msimu wa mvua. Wakamchoma kama desturi yao, kisha wakaanza kukisoma Kitabu chote, mwanzo hadi mwisho, kwa zamu, siku kumi. Siku ya kumi wanamaliza kurasa za mwisho, zinaimbwa nyimbo, dua inasomwa, watu wanakula. Mke wake akanipigia.

"Fundi, kesho kutwa tunamaliza. Mindi ataimba wimbo wa baba yake. Kuna unyevu huku, njoo ukiangalie kinanda."

Nikapanda basi kwenda Mbeya, nikalala kwa shemeji yangu Uyole, na siku ya kumi saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa gurudwara ya huko. Usomaji ulikuwa unaendelea ukumbini. Mindi alikuwa chumba cha pembeni na kinanda mbele yake, mwanamke mtu mzima sasa, mvi mbili tatu, macho yamevimba. Tukapeana pole. Akasema anataka kujikumbusha kidogo, taratibu, asisumbue msomaji. Akavuta mivukuto, akabonyeza kibao cheusi cha tatu, akafungua mdomo.

Sauti yake ikatafuta pa kukanyaga, haikupata. Wimbo ulikuwa shimoni. Akaacha, akajaribu tena, akaangalia kidole chake kama kimekosea mlango.

"Hiki kina nini?"

Nilikuwa na uongo mwingi tayari mdomoni. Unyevu, panya, shaba za siku hizi. Nikawaza kwamba mtu wa ukumbini anazisoma kurasa za mwisho kwa ajili ya mwalimu wangu, na mimi nimesimama upande wa pili wa ukuta nachagua uongo upi unafaa. Nikamwambia yote.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Miaka mingapi?"

"Saba."

"Ulimdanganya baba yangu. Mbele ya Guru, anaimba, wewe unamdanganya."

"Ndiyo."

"Aliniambia kila mwaka. Kila mwaka, Fundi! Mimi nikawa nasema, baba yupo sawa, sauti haijatetereka, nitakwenda mwakani." Akafunika uso. "Nitakwenda mwakani."

Hapo nilielewa nilichokifanya. Sikuwa nimemficha uzee wake mzee peke yake. Nilikuwa nimemficha binti yake pia, na binti angekuja kama angejua.

Ilikuwa saa tatu kasoro. Usomaji ungemalizika saa tano. Nikamwomba asogeze mkono juu kwa vibao vitatu, aimbie hapo. Akajaribu. Vidole vyake vilivyofundishwa njia moja tangu utoto vikapotea vyote, akaishia kulia juu ya vibao. Akasema bila kuniangalia, "Kirudishe."

Kurudisha kinanda kizima ni kazi ya siku mbili. Basi nisikilizeni, maana hapa ndipo kazi inapoachana na maneno. Sikukitengeneza kinanda. Nilitengeneza wimbo. Niliangalia vibao vilivyolika, nikamwomba aimbe polepole bila ala, nikahesabu: wimbo mzima unatumia ndimi kumi na moja. Nyingine zote zingebaki mbovu na hakuna ambaye angezigusa.

Lakini ningezijaribia wapi? Mle ndani Kitabu kinasomwa. Kupuliza ulimi kwa mdomo, kama tunavyofanya kwenye vinanda vya kwetu, sikuthubutu, kwa sababu chombo cha ibada hakitiwi mate. Nikakibeba mpaka nyuma ya jiko, wanawake walikokuwa wakisukuma chapati na sufuria za dengu zikigongana. Mama mmoja wa Kinyakyusa aliyekuwa akisaidia jikoni akaniona nimekitoa matumbo.

"We fundi, leo leo ndo unakifungua? Watu wanakaribia kuimba!"

"Mama, nipishie meza hiyo."

"Chukua. Ila ukishindwa usije ukasema jiko letu lilikuwa na moshi."

Ulimi mmoja mmoja, niliondoa risasi ya miaka saba kwa tupa ndogo. Nilikuwa na uma wangu wa chuma wa kupimia sauti, na Mindi alisimama pembeni akinipa sauti kwa kuguna mdomo umefungwa, mikono imefumbatwa. Macho yangu yalikuwa yameanza kufa wakati ule, kwa hiyo nilifanya kwa kucha: unapapasa ncha, ukihisi mwiba, risasi bado ipo. Wa kwanza mpaka wa nane zilikwenda vizuri. Ulimi wa tisa ndio uliokuwa wa pale juu, palipokuwa panamkatikia mzee. Nilikuwa nimeulehemu mara nyingi kuliko nyingine. Nikaukandamiza kidogo tu, ukavunjika mkononi.

Saa nne na nusu. Niliukodolea macho kama mjinga. Kisha nikafanya alichokuwa akifanya Mzee Harnam akiishiwa vifaa: niliiba kwa jirani. Kibao cha chini yake hakikuwemo kwenye wimbo. Nikaung'oa ulimi wake, nikauondolea risasi, nikautia kwenye nafasi ya uliovunjika, nikaukwangua ncha kidogokidogo ukapanda nusu hatua, nikamwangalia Mindi. Akaguna. Nikakwangua mara mbili zaidi. Akaguna tena, akatikisa kichwa kukubali. Kibao cha jirani kikabaki kibogoyo. Nikamaliza wa kumi na wa kumi na moja, nikakifunga kinanda, nikakaza ngoma, tukaingia ukumbini msomaji akiwa kwenye ukurasa wa mwisho.

Nilikaa nyuma. Mindi akabonyeza kibao cheusi cha tatu, na hapo sauti yake ilikuwa na sakafu. Aliimba mstari wa pumziko, watu wakauitikia, akaurudia mara nne, tano, na kila alipopanda kwenye ulimi ule wa wizi niliutegea sikio. Uliimba. Mama yake alikuwa amefumba macho. Wakasimama kwa dua, Kitabu kikafunguliwa yakasomwa maneno ya siku hiyo, tukagawiwa viganjani uji mzito mtamu wa ngano wanaougawa mwisho wa ibada.

Kisha wote tukakaa chini kwa safu kula, tajiri kwa dereva, kama wanavyofanya siku zote. Mindi alikuwa akigawa chapati. Alipofika kwangu akaweka mbili kwenye sahani yangu, akaendelea mpaka mwisho wa safu, akampa mtu kapu, akarudi akakaa sakafuni kando yangu. Tukala. Nilitaka kuomba msamaha tena, lakini nilikuwa nimeshaomba mara tatu nyuma ya jiko na hakujibu hata moja.

"Fundi."

"Naam, mwanangu."

"Mwaka huu, mara ya mwisho. Alikuwa anaimbia wapi?"

"Vibao vitatu chini ya—"

"Si vibao. Nisikilizishe."

Nikaangalia huku na huku. Pale hapakuwa mbele ya mkutano, palikuwa penye sahani na maji ya kunywa. Nikainamisha kichwa karibu na sikio lake, nikauguna mstari wa pumziko bila maneno, chini kabisa alikokuwa ameufikisha, na pale juu nikapapitia kwa shida kama alivyokuwa akipapitia, maana hata huko chini mwaka ule hapakumtosha. Mindi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauguna mwenyewe, hukohuko chini, sauti yake ikikwaruza sakafu, akasita pale aliposita baba yake.

"Alikuwa amezeeka," akasema.

"Ndiyo, mwanangu. Alikuwa amezeeka sana."